Kadi Mbili na Kitambaa cha Mama Mkwe

Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, ndiye mtu pekee niliyewahi kubishana naye wiki nzima kuhusu kitu ambacho sote wawili hatukuwahi kukiona kwa macho. Kitu chenyewe kimefichwa ndani ya laptopu, kinaitwa kadi ya picha. Ukimuuliza fundi kiko wapi, atagonga mgongo wa mashine kwa kidole na kukwambia, "Humu," kama daktari anayekuonyesha bandama.

Tulikuwa na duka Tunduma, mwendo mfupi kutoka mpakani, upande ule ambao malori yanapanga foleni mpaka dereva anapata muda wa kufua nguo na zikakauka. Nilianza kwa kuchapa fomu na kutoa fotokopi, nikaongeza picha za pasipoti, halafu harusi zikanikuta. Shemeji alikuwa anapiga video, mimi nakaa kwenye kompyuta nakata, naunganisha, naweka muziki, naweka maua yanayodondoka juu ya keki. Wakati huo Tunduma bado ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya, na simu za kupangusa ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia. Mtu akitaka kuiona harusi yake tena, alikuja kwetu kuchukua DVD.

Shida ilikuwa kurenda. Kurenda ni pale unapomaliza kukata vipande vyako vyote, ukaiambia mashine ivipike viwe filamu moja. Kompyuta yetu ya zamani ilipika kama mtu anayechemsha maharage kwa njiti za kiberiti. Ukiiwasha asubuhi, jioni iko nusu, umeme ukikatika unaanza upya. Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua DVD yake akiwa na mtoto mgongoni. Alikaa kwenye benchi akamnyonyesha huku akiangalia anavyolishwa keki, na hakunilaumu hata kidogo, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Basi tukaamua kununua laptopu yenye kadi ya picha ya maana. Ng'ambo, Nakonde, kulikuwa na muuzaji mmoja Mzambia aliyekuwa akifahamiana na mume wangu miaka mingi, maana mume wangu ni wakala wa forodha na mizigo ya yule bwana ilipita mikononi mwake. Alikuwa na laptopu mbili, bei ileile, umbo lilelile, zote zimetumika kidogo. Tofauti ilikuwa kadi tu. Moja ilikuwa na stika ya kijani pembeni ya kibodi, nyingine stika nyekundu.

"Mayo," akaniambia, maana kwao mama ndiyo mayo, "chukua zote mbili. Wiki moja. Usiyoitaka nirudishie."

Nikamshukuru, nikazibeba kwenye kikapu, nimezifunika kwa kanga kama mayai.

Ya kijani kadi yake ilikuwa na giga mbili za kumbukumbu. Nyekundu ilikuwa na giga moja. Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha hapo hapo. Mbili ni zaidi ya moja, hata mtoto wa chekechea anajua, na nikamwambia shemeji hivyo mbele ya wateja. Shemeji akacheka kile kicheko chake cha puani. Alikuwa amesoma habari za kadi mtandaoni kwa miezi, amechapa kurasa na kurasa kwa printa yangu, karatasi zangu, wino wangu, na sasa elimu hiyo ilikuwa inarudi kunipiga mwenyewe.

"Shemeji, wewe unahesabu magunia yaliyomo ghalani," akasema. "Mimi naangalia mlango. Ghala la magunia elfu mbili lenye mlango wa banda la kuku, lori litapakia mahindi mpaka Krismasi. Hii nyekundu ghala lake dogo, lakini mlango wake ni geti."

"Na ghala dogo lenye geti kubwa litapakia nini? Upepo?"

Watu wakacheka, nikajiona nimeshinda. Mimi ni mtu wa maneno, sikatai. Na kati ya shemeji na shemeji maneno hayana kodi. Tangu niolewe, yule kijana hakuwahi kuniambia sentensi moja iliyonyooka. Nikipika wali, alikuwa anauliza kama kuna mgonjwa. Nikisuka nywele, alikuwa anauliza kama fundi alikimbia katikati. Mimi nami nilikuwa namwambia kwamba kamera imemzoea kwa sababu ndiyo pekee isiyoweza kumkimbia. Hivyo ndivyo tulivyopendana, na sina njia nyingine ya kulieleza jambo hilo.

Stika zile ndizo zilizotuponza. Watu wa mtaani hawakujua kadi ya picha ni nini, lakini kijani na nyekundu walizijua vizuri, ndizo rangi za timu zao za mpira. Siku mbili tu, mtaa ukagawanyika kama siku ya mechi ya watani wa jadi. Mama muuza uji akawa wa kijani. Mbadilisha fedha aliyekaa na mkoba wake nje ya duka langu akawa nyekundu. Vijana wa bodaboda wakagawana nusu kwa nusu, na mmoja wao, mrefu mwenye koti la mvua la manjano, alikuwa anapita kila asubuhi kuuliza, "Oya, kadi zimelalaje?" Tukatangaza kwamba Jumamosi mchana tutazishindanisha. Harusi moja, vipande vilevile, maua yaleyale, zianze kurenda pamoja. Itakayomaliza kwanza inabaki Tunduma, nyingine inarudi Nakonde.

Ilikuwa Jumanne shemeji aliposema lile neno.

Alikuwa na rafiki aliyesoma naye, ambaye alikwenda Saza kuchimba dhahabu na kurudi na pikipiki na jino la kung'aa. Rafiki huyo alikuwa anampigia simu kila mara, njoo, nina shimo, nahitaji mtu ninayemwamini. Shemeji hakuwahi kusema ndiyo. Lakini Jumanne hiyo nilikuwa nimemchokoza tangu asubuhi. Nilisema mtu aliyejifunza kompyuta kwa karatasi za kuiba hawezi kumfundisha aliyeinunua. Akasimama katikati ya duka, watu wakiwa wamejaa, akasema, "Sawa. Nyekundu ikishindwa, basi sijui kitu. Jumatatu napanda gari naenda Saza kuchimba. Utabaki na harusi zako na kamera yako."

"Nenda," nikamjibu. "Ukipata dhahabu uniletee meno mawili."

Mdomo huponza kichwa. Ulikuwa utani, lakini ulikuwa utani wenye mashahidi, na kwetu mwanaume hawezi kuurudisha tumboni utani aliousema mbele ya mashahidi.

Alhamisi mama mkwe akafika kutoka Mbozi. Alishuka na ndizi, maharage, kahawa ya kukaanga mwenyewe, na mfuko wa nyuzi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkimya, Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya Kinyiha, na mikono yake haikukaa bure hata akiwa kanisani. Alikuja kwa sababu moja, kuona kazi ya mwanawe wa mwisho.

"Kaka yako anahangaika na mihuri ya forodha, hiyo naielewa," alimwambia. "Wewe unafanya nini, baba?"

"Natengeneza harusi za watu, mama."

"Si mchungaji ndiye anazitengeneza?"

Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Lakini kulikuwa na jambo ambalo shemeji hakumwambia, na mimi sikumwambia. Mtoto wa dada yake mama mkwe alifukiwa na kifusi kwenye shimo huko huko Saza. Walimchimba siku nzima, wakamtoa hana uhai. Tangu hapo jina la mahali hapo halikutajwa mbele yake wakati wa kula. Nilijua hilo nilipotania kuhusu meno. Nilijua, na bado nilitania, na hilo ndilo lililonikosesha raha kuanzia Alhamisi ile.

Jumamosi ilikuwa baridi kweli. Tunduma mwezi wa saba hutoki nje bila sweta, na mama muuza uji alimaliza sufuria zake kabla ya saa nne. Tukapanga mashine kwenye meza ya dukani. Meza ilikuwa ndogo, ikabeba nyekundu tu, hivyo ya kijani nikaiweka pembeni juu ya kreti ya soda niliyoipindua. Watu wakajaa mpaka barazani. Turnboi wawili walioshuka kwenye foleni ya malori wakaja pia, hawajui kinachoshindaniwa, ila waliona watu.

Mama mkwe akapenya katikati. "Ipi ni ya mwanangu?"

"Hii nyekundu, mama," akajibu shemeji.

Akafungua mfuko wake akatoa kitambaa. Alikuwa amekifuma wiki tatu, tangu aliposikia kwa simu kwamba mashine mpya inakuja. Kilikuwa cheupe, cha uzi mnene, kingo zake zimejaa maua ya waridi yaliyotuna. Nani asiyevijua vitambaa hivyo? Redio ina chake, televisheni ina chake, kila kochi lina vyake vitatu. Kitu cha thamani kikikaa kitupu, mwenye nyumba ndiye anayeonekana hajafunzwa. Mama mkwe akainyanyua nyekundu kwa mikono miwili, akakikunja kitambaa mara mbili maana meza ilikuwa fupi, akakitandika, akaiweka mashine juu yake taratibu.

"Kitu cha mwanangu hakikai kwenye mbao tupu kama chungu," akasema. Akaweka kiganja juu ya mashine, midomo ikacheza kidogo. Nadhani aliomba.

Nikapiga kigelegele, kwa unafiki wangu. "Mama, na yangu je?"

"Yako ina giga mbili," akasema. "Itajisitiri."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika Nakonde. Sikujua hata kama alikuwa anajua giga ni nini.

Basi tukabonyeza pamoja. Kwa dakika chache nyekundu ilitangulia, na mbadilisha fedha akaanza kuimba. Halafu feni yake ikaanza kulia. Ililia kwanza kama nyuki, halafu kama mashine ya kusaga. Watu wa nyekundu wakashangilia. "Sikia mzigo huo!" akasema turnboi mmoja. "Injini nzuri lazima ingurume!" Pale kwetu, ambapo kila mtu analijua lori kwa mlio wake, hakuna aliyembishia. Ya kijani ilikuwa kimya juu ya kreti yake, na nilianza kuona aibu kwa ukimya wake.

Lakini namba zilipanda. Ya kijani ikaikuta nyekundu, ikaipita, ikamaliza kwa dakika thelathini na moja. Nyekundu ikaja kumaliza kwa arobaini na nne, bado inalia.

Ningependa kuandika kwamba nilishinda kwa staha. Nilicheza. Nilifunga kanga kiunoni nikacheza nikiizunguka kreti, nikatoa hotuba kuhusu magunia na milango, nikampa mkono shemeji kama mgeni rasmi anayemfariji aliyeshika nafasi ya mwisho. Yule wa bodaboda mwenye koti la manjano ndiye aliyekumbuka. "Mwana, Saza hiyo!" akapiga kelele. "Jumatatu nakupeleka stendi bure!"

Shemeji akatabasamu. "Neno ni neno," akasema.

Nikamwangalia mama mkwe. Alikuwa amekaa kwenye benchi anafuma kingine. Sindano yake ilisimama. Aliviringisha uzi wake akaurudisha mfukoni, akaenda nyumbani kupika. Mimi nikabaki nimefunga kanga kiunoni, sina hamu tena ya kucheza.

Watu walipotawanyika nikaanza kupanga duka. Nikaishika nyekundu niitoe mezani, nikairudisha haraka. Tumbo lake lilikuwa linachoma. Kitambaa chini yake kilikuwa cha moto kama chapati iliyotoka kwenye hotpoti. Nikaigeuza. Kule chini kulikuwa na matundu, safu nzima, pale ambapo mashine inavuta hewa, na alama za waridi zilikuwa zimekaa sawasawa juu ya kila tundu. Ya kijani ilikuwa imekaa juu ya kreti ya soda, yenye mashimo ishirini na nne, inapigwa upepo wa mwezi wa saba kutoka chini. Sisi tulivaa masweta, nani angefikiria kwamba mle ndani kuna anayepata homa?

Nikasubiri ipoe. Nikaiweka juu ya kreti, nikabonyeza harusi ileile, nikafunga mlango wa duka nikakaa. Dakika ishirini na mbili. Feni haikulia hata mara moja. Nikakaa kwenye stuli nikajitukana kidogo, kwa Kindali, lugha ya mama yangu, maana Kiswahili hakikutosha.

Nilimkuta shemeji kwenye chumba chake cha nyuma anakunja mashati, anayapanga kwenye begi.

"Ni kitambaa," nikamwambia. "Kimeziba matundu. Mashine ilikosa pumzi."

"Najua," akasema.

"Umejua lini?"

"Dakika ya kumi. Feni ilivyoanza kulia."

Nilitaka kumpiga na kiatu. "Sasa mbona hukukitoa?"

Aliweka shati chini. Kisha akasema maneno ya kwanza yaliyonyooka aliyowahi kuniambia. "Mama amekifuma wiki tatu, shemeji. Amekitandika mwenyewe mbele ya watu wote. Ningekivuta vipi? Nimwambie nini, kwamba mkono wake ndio ulioniharibia? Na akishajua, na mimi nikaenda kule nikapata la kunipata, si atasema ni kitambaa chake kilichonipeleka?"

"Basi usiende."

"Nimesema mbele ya watu."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, walisema wazee, lakini wazee hawakusema ufanye nini kama nguo ulivuliwa na shemeji yako. Mimi ndiye niliyemchokoza. Mimi ndiye niliyesema nenda. Nilitoka pale nikaenda kukaa jikoni na mama mkwe, nikamsaidia kuchambua maharage. Aliokota kokoto moja akalitazama muda mrefu kuliko kokoto linavyostahili. Nikaogopa. Nilimwogopea shemeji na shimo lile, na nikamwogopea mwanamke huyu, ambaye sikuweza kumwambia, "Mama, ni kitambaa chako." Mkwe anaweza kumwambia mama mkwe mambo mengi. Hilo halimo.

Jumapili, baada ya ibada, nikawaita wote. Mbadilisha fedha, mama uji, vijana wa bodaboda. Nikasimama mlangoni na nguo zangu za kanisani.

"Jana nilifanya hila," nikasema. "Wakati zinarenda, nilichomoa waya wa mashine ya shemeji nikachomeka simu yangu. Ikafanya kazi kwa betri. Na mashine ikiwa kwenye betri, kadi inajibana, inafanya kazi nusu."

Hilo la betri ni kweli. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenifundisha, kwa zile karatasi zangu. Lakini waya sikuugusa, na yeye alikaa pembeni ya waya huo dakika zote arobaini na nne. Akafungua mdomo. Nikamkazia jicho, akaufunga.

"Faulo!" akapiga kelele yule wa koti la manjano. Mama uji, mtu wangu wa kijani, alinitazama kama nimemwagia mchanga kwenye uji wake. Halafu mama mkwe akasimama.

Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla wala baada ya hapo. "Mwanamke mzima!" akasema. "Una watoto wawili! Unamchomolea mwenzako waya! Umefunzwa wapi? Kwenu hakuna soketi?" Alinisema mbele ya mtaa mzima, akachanganya Kiswahili na Kinyiha, na mimi niliinamisha kichwa. Usidhani ilikuwa rahisi. Nina kiburi, na masikio yaliniwaka moto. Jibu lilikuwa kwenye ulimi wangu, la kweli, la maneno matatu tu, na nililimeza.

Akamaliza. Nikasema, "Nisamehe, mama. Tuzishindanishe upya, kwa haki. Ila nina ombi."

"Baada ya hayo unaomba?"

"Kile kitambaa. Ni kizuri mno kwa mashine. Mashine inamwagiwa soda, inashikwa na mikono ya wateja. Nipe mimi, nikiweke kwenye meza ya sebuleni, wageni wakione."

Akakichukua mezani, akapapasa maua yake. Nilijua nimegusa penyewe, maana aliyefuma kitu anataka kionwe. "Hukistahili," akasema. Halafu akanipa.

Tukaleta kreti mbili, kila mashine na kreti yake. Kijani dakika thelathini na moja. Nyekundu ishirini na mbili. Wa nyekundu waliimba mpaka barabarani, mbadilisha fedha akaacha mkoba wake kwenye kiti, jambo ambalo Tunduma halijatokea tena. Yule wa bodaboda akamwambia shemeji, "Basi stendi unanidai," na mama mkwe akacheka, akaketi, akatoa sindano yake.

Shemeji hakucheza. Alikuja nilipokuwa nafungasha ya kijani, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, ule waya..."

"Ukinitetea nakuchomolea kweli," nikamwambia.

Akaenda kuyatoa mashati yake kwenye begi. Asubuhi iliyofuata, ile Jumatatu ya Saza, nilikuta kwenye kiti changu soketi mbovu imefungwa utepe wa harusi.

Mama mkwe aliisimulia habari hiyo miaka yote. Aliisimulia Vwawa, aliisimulia kanisani, aliisimulia kwenye kila harusi tuliyokwenda kurekodi. "Huyu mkwe wangu ana moyo mzuri," alikuwa anasema, "ila msimwache karibu na soketi." Mpiga picha mmoja ambaye sikuwahi kumwona aliikalia ekstensheni yake sherehe nzima kwa sababu yangu. Mara nyingine ilinichekesha, mara nyingine iliniuma, na mara moja iliniuma kiasi kwamba niliapa kumwambia ukweli nikifika Mbozi. Nikafika, nikamkuta anamfumia kitambaa mjukuu wangu wa baadaye ambaye hata mama yake, binti yangu, alikuwa bado darasa la tano. Nikanywa kahawa nikarudi.

Alipofariki tulimzika kwake, pembeni ya mibuni. Siku ya tatu ya matanga watu walikuwa wameshachoka kulia, wakaanza kumsimulia. Mmoja akaleta habari ya waya. Akaiga sauti yake, "Kwenu hakuna soketi?" na ua mzima ukacheka, hata dada yake aliyekuwa amelala chini tangu mazishi akainuka akacheka, na mara ya kwanza baada ya siku tatu nikamsikia mama mkwe wangu kama alivyokuwa.

Shemeji alikuwa amekaa kando yangu kwenye mkeka. Akajifuta uso, akasema, "Jamani, ngojeni niwaambie. Ule waya haukuwahi..."

Nikaushika mkono wake nikaubana kwa nguvu zangu zote.

"Nilichomoa," nikawaambia. "Alichosema mama ndicho kilichotokea."

Shemeji akaweka kichwa chake begani kwangu, mbele ya watu wote, akalia.